Aya ya Mama Anayenyamaza

Ujumbe uliingia karibu saa nne usiku, kompyuta nimeshaifunga.

"Mwalimu, samahani kwa usumbufu wa usiku. Maoni yako nimeyapata, nashukuru. Nina swali moja tu. Ile aya ya mama anayenyamaza, uliisoma?"

Niliusoma mara mbili. Nikawasha kompyuta, nikaitafuta kazi yake, nikashuka mpaka ukurasa wa nne, nikaikuta aya hiyo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona.

Sikuwa nimeisoma.

Aliyeniuliza ni mkunga. Ana miaka 22 kazini, na sasa anasomea shahada jioni na mwisho wa wiki, mmoja wa watu wazima ninaowafundisha uandishi wa kitaaluma. Kwa umri ananizidi mbali. Mimi humwita Mama, yeye huniita Mwalimu. Jina lake litabaki kwake. Haya ninayoyasimulia ameyasoma kabla yenu, na amenikubalia niyatoe.

Aya yenyewe ilikuwa hii:

"Mama akiwa kwenye uchungu hulia, huomba, hata hutukana. Hayo hayanitishi. Kinachonitisha ni pale anaponyamaza ghafla. Hapo huacha kila kitu nikamtazama usoni kwanza, kabla sijageukia mashine. Mashine huja kuthibitisha tu kile ambacho uso umeshaniambia."

Na pembeni yake, kwa jina langu, maoni: "Dai hili limeegemea uzoefu binafsi. Tafadhali liunge mkono kwa marejeo ya kitaaluma, au liondoe ili kulinda mtiririko wa hoja."

Sentensi safi, zenye adabu. Sikuziandika mimi.

## Kazi 31 na mwisho mmoja wa wiki

Nieleze nilichofanya, maana bila hilo yanayofuata hayana msingi.

Nilikuwa na kazi 31 za kusahihisha, kila moja ya maneno kama 2,000. Kazi moja ikisomwa kwa utulivu hunichukua dakika 40, kwa hiyo zote zingekula zaidi ya saa 20, na nilikuwa na siku mbili. Niliondoa majina, nikabandika kazi moja baada ya nyingine kwenye chatiboti, programu ya kompyuta inayojibu unachoiandikia, pamoja na vigezo vya usahihishaji, nikaiagiza itoe maoni kuhusu muundo, hoja na marejeo. Yaliporudi niliyapitia kwa haraka, nikalainisha neno hapa na pale, nikaweka jina langu. Wanafunzi sikuwaambia kitu.

Kilichonivuruga ni kwamba maoni mengi yalikuwa mazuri. Yalikuwa na mpangilio, yalikuwa marefu kuliko yangu ya kawaida, na hayakuwa na ile hasira ndogo inayoniingia nikifika kazi ya 20. Mwanafunzi mmoja aliniandikia kwamba tangu aanze kusoma hajawahi kupewa maoni ya kina namna ile.

Shukrani hizo nilizipokea.

Mkunga nilimjibu usiku ule kwa mstari mmoja: "Mama, nitakupigia kesho." Sikumpigia kesho yake, wala keshokutwa. Siku ya nne ikaja rasimu yake ya pili.

## Rasimu ya pili

Ile aya haikuwepo.

Mahali pake palikuwa na nyingine, iliyoanza hivi: "Mawasiliano yasiyo ya maneno ni nguzo muhimu katika utoaji wa huduma bora za uzazi." Ilikuwa na mistari minane, kila mmoja sahihi, na hakuna hata mmoja ambao ungehitaji mkunga kuuandika. Mwishoni, marejeo mawili.

Rejeo la kwanza nililipata. La pili nililitafuta kwa muda mrefu. Jarida lipo, mwaka upo, toleo lipo. Nikafungua kurasa zilizotajwa, nikakuta makala nyingine kabisa, ya watu wengine, kuhusu jambo lingine. Makala iliyotajwa haikuwahi kuandikwa na mtu yeyote.

Wengi tumeshakutana na hili, ila nataka tulitazame kwa karibu kidogo. Modeli kubwa ya lugha, yaani ule mfumo unaoendesha chatiboti, hufunzwa kukisia kipande cha neno kinachofuata, kisha kinachofuata tena, kwa kuzingatia maandishi mengi mno iliyopitishiwa. Marejeo yana umbo: jina, mwaka, kichwa cha makala, jarida, namba za kurasa. Umbo hilo mashine imeliona mara zisizohesabika, kwa hiyo hulijenga bila kukosea hata nukta. Kama kuna makala nyuma ya umbo hilo ni suala jingine, na jibu lake halimo ndani ya umbo. Mwezi Juni 2023 jaji mmoja wa mahakama ya shirikisho, New York, aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hoja zilizotaja kesi ambazo hazikuwahi kusikilizwa popote. Walikuwa wameletewa na chatiboti. Kila kesi ilikuwa na majina ya pande mbili na namba yake, kama kesi za kweli.

Basi nikakaa na rasimu mbili mbele yangu, nikafuata mnyororo kiungo kwa kiungo. Mashine yangu ilimwambia atafute marejeo. Mashine yake ikamtengenezea. Kazi ikarudi kwangu, na kama nisingeulizwa lile swali, ningeipeleka tena kwenye mashine ileile, nayo ingeisifu kwa kuwa sasa ina marejeo.

Mashine ilikuwa imeiandikia mashine. Sisi wawili tulikuwa matarishi.

## Tulivyokuwa tukimsaka mwizi

Tangu chatiboti ya ChatGPT ilipotolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, karibu kila kikao cha walimu nilichohudhuria kuhusu akili mnemba (AI) kilikuwa na ajenda moja: tutawakamataje? Mimi nilikuwa miongoni mwa waliotaka programu za kugundua maandishi ya mashine zinunuliwe haraka. Nilizungumza kwa mkazo. Nakumbuka nilisema heshima ya shahada iko hatarini.

Ningekuwa nimesoma kidogo zaidi, ningenyamaza. Kampuni ya OpenAI yenyewe, iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa kigunduzi chake Januari 2023. Kwa kipimo chao wenyewe kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na katika kila maandishi 100 ya binadamu kiliyashuku 9. Julai mwaka huohuo wakakiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huo pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vigunduzi saba kwa insha 91 zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, insha za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 60 ya insha hizo zilihukumiwa kuwa ni za mashine. Zote zilikuwa za binadamu.

Sababu si uchawi. Vigunduzi vingi hupima jinsi maneno yanavyotabirika: neno linalofuata likiweza kukisiwa kwa urahisi, maandishi huonekana ni ya mashine. Sasa mfikirie mtu mwenye miaka 48 anayerudi darasani baada ya miaka mingi, anaandika kwa lugha yake ya pili au ya tatu, anachagua maneno machache anayoyaamini kwa sababu hataki kuchekwa. Uangalifu wake ndio unaomtia hatiani. Nimefundisha watu hao kwa miaka mingi. Ni mimi niliyewaambia waandike sentensi fupi na wazi.

Lakini hata hilo silo lililokuwa likinisumbua wiki zile. Lililonisumbua ni kwamba katika vikao vyote hivyo mshukiwa alikuwa mwanafunzi. Tulijadili kwa saa nyingi nani anaandika. Sikumbuki hata mara moja mtu aliyeuliza nani anasoma, na mimi nilikuwemo.

## Nani yuko upande wa pili

Kuna kisa ambacho nimekuwa nikikisimulia darasani kwa miaka. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta katika taasisi ya teknolojia ya MIT, Marekani, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa nyepesi sana kwa vipimo vya leo. Ukiandika kwamba una huzuni, inakuuliza kwa nini una huzuni. Ukimtaja mama yako, inakuomba uieleze zaidi kuhusu familia yako. Haikuelewa chochote, ilichukua maneno yako ikayageuza kuwa swali. Weizenbaum alieleza baadaye kwamba katibu wake, aliyemwona akiitengeneza programu hiyo kwa miezi kadhaa, alianza kuzungumza nayo, na baada ya muda mfupi akamwomba atoke chumbani.

Nilikuwa nakisimulia kama kisa cha mtu aliyedanganyika.

Siku hizi sikioni hivyo. Yule katibu alijua vizuri kwamba mbele yake kuna programu. Alichokuwa nacho ni kiu ya kusikilizwa, na kiu hiyo haingoji uthibitisho kwamba upande wa pili kuna mtu. Mwanafunzi mtu mzima huja na kiu ileile kwenye karatasi. Aliyetoka zamu jioni, akawahi nyumbani, akawalaza watoto, akakaa saa tano usiku kuandika, hakuandika kwa ajili ya vigezo. Aliandika akiamini kuna mtu atasoma. Mashine inaweza kumpa maoni yenye umbo la kusomwa, kama ilivyompa marejeo yenye umbo la marejeo.

Na swali la mkunga, nikilirudia sasa, halikuwa la kunituhumu. Hakuuliza kama nilitumia mashine. Hata hakuwa na wazo hilo. Alidhani labda nimepitwa na ukurasa. Aya ile ilikuwa kitu chenye thamani kuliko vyote alivyovileta, na alitaka kujua kama kilifika.

## Mashaka ninayobaki nayo

Ningeweza kuishia hapo kwa kuilaani mashine. Siwezi, kwa sababu ya mtu mwingine katika darasa lilelile.

Yeye ni mtunza ghala. Aliacha shule miaka 26 iliyopita, na hesabu ya asilimia ilimkimbia huko nyuma akiwa bado mdogo. Aliniambia kwamba aliiuliza chatiboti jinsi ya kupata asilimia ya ongezeko mara saba, usiku mmoja, kwa njia saba tofauti, mpaka akaelewa. "Mwalimu, wewe ungenivumilia mara mbili. Ya tatu ningeona aibu mwenyewe." Nilitafuta jibu la kumpa, sikulipata. Elimu ya watu wazima imejaa watu waliofukuzwa na aibu kuliko waliofukuzwa na ugumu wa somo, na hapa kuna kitu kisichomwaibisha mtu.

Utafiti nao haunipi nafasi ya kukaa upande mmoja. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 2023, wanafunzi 194 wa fizikia walifundishwa baadhi ya masomo na mkufunzi wa akili mnemba aliyetayarishwa kwa makini na walimu wao wenyewe, na mengine darasani kwa mbinu shirikishi. Kwa mkufunzi huyo walijifunza zaidi, kwa muda mfupi zaidi. Nchini Uturuki, karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari walifanya mazoezi ya hisabati kwa msaada wa chatiboti. Waliopewa ile ya kawaida walifanya vizuri zaidi kwa asilimia 48 wakati wa mazoezi. Ilipoondolewa wakaingia mtihani peke yao, wakafanya vibaya kwa asilimia 17 kuliko wenzao ambao hawakuwahi kuigusa. Kundi jingine lilipewa iliyoelekezwa na walimu itoe vidokezo badala ya majibu. Hao walipanda hata zaidi kwenye mazoezi, na kwenye mtihani madhara yale karibu yote hayakuonekana.

Teknolojia ileile. Tofauti ilikuwa ni mwalimu aliyekaa akafikiri kabla.

Wanasaikolojia walilijua jambo hili kwa njia yao tangu zamani. Mwaka 1978 Norman Slamecka na Peter Graf walionyesha kwamba mtu hukumbuka vizuri zaidi neno alilolizalisha mwenyewe kutokana na kidokezo kuliko neno lilelile akiwa amelisoma tu likiwa tayari. Ule msuguano mdogo wa kutafuta ndio unaoacha alama. Hilo hunitosha kumweleza mwanafunzi kwa nini asiiachie mashine iandike aya nzima.

Lakini hapa ndipo nakwama. Mwenye siku nzima ya kusoma ni rahisi kumwambia mwenzake kwamba msuguano ni mzuri. Mkunga wangu ana saa mbili kwa siku, akiwa na bahati. Msuguano upi autumie kwa saa hizo mbili, na upi auache? Kupanga koma na nukta? Kutafsiri makala ya lugha asiyoimudu? Kutengeneza orodha ya marejeo kwa mtindo unaotakiwa? Sioni kwa nini asisaidiwe hayo. Ila kila nikijaribu kuchora mstari, napata kazi ambayo kwa mwanafunzi mmoja ni mzigo tu na kwa mwingine ndiyo hasa somo. Mtunza ghala alihitaji kuhangaika na asilimia. Mkunga huzipiga kichwani akiwa amesimama.

Kanuni moja ya chuo kizima, ya kuruhusu au kukataza, haiwezi kuliona hilo. Anayeweza kuliona ni mtu anayewajua hao wawili.

## Nilipopiga simu

Nilimpigia siku ya tano.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Nilidhani nimekukosea."

Nikamweleza yote: kazi 31, siku mbili, chatiboti. Nikamwambia aya yake niliisoma mara ya kwanza baada ya yeye kuniuliza. Akanyamaza. Baada ya nilichokuwa nimekisoma katika aya ile, kimya chake kilinitisha.

"Sasa mbona uliniambia niiondoe?"

"Sikukuambia mimi, Mama."

"Jina ni lako."

Sikuwa na la kujibu, na sitafuti la kujibu hata sasa.

Ile aya mpya aliipata wapi? Alicheka kidogo. Mwanawe alimwonyesha programu kwenye simu. Alitoka zamu saa mbili asubuhi, akaiomba imwandikie kuhusu mawasiliano na iweke marejeo, akabandika, akalala. "Nilijua haisemi kitu. Lakini nikajua ndivyo chuo kinavyotaka, maana yangu ulikuwa umeikataa."

Baada ya simu nilianza kuandika makala nyingine, tofauti na hii. Hoja yake ilikuwa nzuri kuisikiliza: kwamba akili mnemba inajua yaliyoandikwa, na mwanafunzi mtu mzima huja na yale ambayo hayajaandikwa popote, kwa hiyo mashine haiwezi kumsoma. Niliifurahia. Nikafika katikati, nikaona nithibitishe kwanza. Nikafungua chatiboti ileile nikauliza: kwa nini mkunga ashtuke mama aliye kwenye uchungu mkali akinyamaza ghafla?

Ikajibu papo hapo. Uchungu unapokatika ghafla, ikasema, huweza kuwa dalili ya kupasuka kwa mfuko wa uzazi, hali ya dharura kwa mama na mtoto. Nikamuuliza mwenzangu anayefundisha ukunga. "Hilo mbona tunalifundisha," akasema.

Nikaifuta ile makala.

Mashine ilikuwa na habari hiyo tangu mwanzo. Ilikuwa nayo hata ilipoandika "dai hili limeegemea uzoefu binafsi." Haikuitoa kwa sababu niliiuliza kuhusu muundo, hoja na marejeo, ikajibu kuhusu muundo, hoja na marejeo. Swali la kweli lilikuwa jepesi kabisa: kwa nini anaogopa kimya? Mtoto angeliuliza. Mimi sikuliuliza kwa sababu swali hilo huzaliwa katika kusoma, na kusoma ndiko nilikokuwa nimekukwepa.

Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba tuwafundishe wanafunzi "kufikiri kwa makini" kuhusu akili mnemba, na mara nyingi maana yake huwa kuwafundisha kukagua majibu: je, chanzo kipo, je, kuna upendeleo, je, takwimu ni sahihi. Ni muhimu, na mkunga angeliepuka lile rejeo la hewa. Ila ukaguzi wa majibu usingeniokoa mimi. Maoni niliyoyatuma hayakuwa na kosa lolote la kukaguliwa. Kosa lilikuwa limetangulia, kwenye swali.

## Ninavyofanya sasa

Nasoma kwanza, kwa kalamu, kabla ya kitu kingine chochote. Nikishamaliza, wakati mwingine huiuliza mashine kama kuna nilichopitwa nacho, na nikiitumia huwaambia wanafunzi niliitumia wapi. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya akili mnemba ya mwaka 2024, umeweka mifumo inayopima matokeo ya kujifunza katika kundi la hatari kubwa, pamoja na wajibu wa usimamizi wa binadamu. Naliona ni jambo jema. Naona pia kwamba mwisho ule wa wiki mimi nilikuwa huyo binadamu msimamizi, na jina langu lilikuwepo chini ya karatasi.

Maoni yangu yamekuwa mafupi. Mara nyingi ni maswali mawili na sentensi moja. Wapo wanaolalamika kwamba zamani nilikuwa najitahidi zaidi, nami huwaeleza kwa nini. Kila mmoja nazungumza naye dakika 10 kuhusu kazi yake; kwa watu 31 ni saa tano na dakika 10, na muda huo nimeupata kwa kufuta zoezi moja zima la muhula. Sijui kama msimamizi wangu atalikubali muhula ujao.

Wanafunzi nimewaomba kitu kimoja. Wanaotumia chatiboti waniletee mazungumzo yao na waniwekee alama mahali walipoikatalia, na sababu. Nilihofia nitaletewa maigizo. Yapo. Lakini mtunza ghala aliniletea ukurasa ambao mashine ilimshauri aagize mzigo kwa kufuata wastani wa mwaka uliopita, naye ameandika kwa kalamu nyekundu pembeni: "Hapana. Mwaka jana tulifunga miezi miwili kwa ukarabati. Wastani huo ni wa miezi 10, haijui, sikuiambia." Nilisoma maneno hayo ya mwisho mara kadhaa. Ameikatalia mashine, na palepale ametambua kwamba pengo lilitoka kwake.

## Rasimu ya tatu

Ilikuja wiki mbili baadaye, imechapishwa, imebanwa kwa pini.

Aya ilikuwa imerudi, neno kwa neno. Chini yake aliongeza sentensi mbili kuhusu kupasuka kwa mfuko wa uzazi, na rejeo la kitabu cha ukunga chenye namba ya ukurasa. Nilikwenda maktaba nikaufungua ukurasa huo. Upo, na unasema alichosema.

Kitabu hakisemi kitu kuhusu kutazama uso kabla ya mashine. Chatiboti niliiuliza pia. Ilinipa weupe wa ngozi, jasho, kuchanganyikiwa, mambo ambayo ungeyatarajia. Kwa hiyo nilichukua penseli nikaandika pembeni mwa aya: "Mama, usoni unaangalia nini hasa?"

Alinirudishia karatasi ileile wiki iliyofuata. Alikuwa ameigeuza, akaujaza upande wa nyuma wote kwa mwandiko wake, mistari imebanana mpaka chini.

Umeanza hivi: "Midomo, Mwalimu. Kabla ya macho. Macho ya mama aliyechoka na ya mama anayeondoka hufanana, lakini midomo haifanani."